Fomu isiyomjua ssenga: jinsi kampuni za kimataifa zinavyosimamia watu nchini Uganda

Fomu ya likizo ya msiba niliyoikuta kazini ilikuwa na majibu matano tu ya kuchagua: mume au mke, mzazi, mtoto, ndugu wa kuzaliwa naye, babu au bibi. Ilikaa kwenye kompyuta, imetengenezwa makao makuu kwa ajili ya matawi ya nchi zaidi ya thelathini, na haikuwa na mahali pa kuandika neno lolote. Binti mmoja wa idara ya mauzo, mzaliwa wa Masaka, alikuja mezani kwangu, idara ya rasilimali watu, Jumatatu asubuhi macho yakiwa mekundu. Alikuwa amefiwa na ssenga wake, shangazi wa upande wa baba, aliyemlea na kumfunda. "Dada, nibonyeze wapi?" Nikamwambia abonyeze "mzazi".

Wengine nao niliwajibu hivyohivyo. Aliyefiwa na baba mdogo, mzazi. Aliyefiwa na mjomba aliyemlipia ada tangu darasa la kwanza, mzazi. Mwisho wa mwaka mkaguzi wa makao makuu akatuandikia barua pepe ya heshima kabisa, akitaka kujua inawezekanaje mfanyakazi mmoja wa Kampala afiwe na wazazi watatu.

Tangu siku ile nimekuwa nikiona ugumu kusoma maandishi yanayoeleza usimamizi wa rasilimali watu katika kampuni za kimataifa kana kwamba ni suala la kuchagua kati ya "mtindo wa dunia" na "mtindo wa hapa". Hapakuwa na aliyechagua. Makao makuu yaliamini sera yao inafuatwa, wafanyakazi waliamini wamesikilizwa, na mimi katikati nilikuwa natafsiri.

Tuanze na kampuni yenyewe. Kampuni tanzu ni kampuni ya Uganda kwa kila karatasi: imesajiliwa hapa, inalipa kodi hapa, inaweza kushtakiwa hapa. Ila wenye hisa nyingi wako kwingine. MTN Uganda, kampuni ya simu, ina mama yake Afrika Kusini, na tangu Desemba 2021 hisa zake zinauzwa pia kwenye soko la hisa la Kampala. Benki ya Stanbic, iliyoichukua Uganda Commercial Bank mwaka 2002, nayo ni ya ukoo wa Standard Bank ya Afrika Kusini. Kwa hiyo mkuu wa rasilimali watu wa kampuni kama hizi ana mabwana wawili. Mmoja ni Sheria ya Ajira ya Uganda ya 2006. Mwingine ni mtu anayempigia simu kutoka Johannesburg, Dubai, Paris au New Delhi.

Mwaka 1969 mtaalamu wa menejimenti Howard Perlmutter aliyagawa makampuni haya kwa namna yanavyofikiri. Yapo yanayoamini kwamba njia ya nyumbani ndiyo njia, hivyo hutuma watu wao na taratibu zao. Yapo yanayoachia kila tawi lijiongoze kwa desturi za nchi yake. Na yapo yanayodai kutafuta mtu bora na utaratibu bora popote duniani, bila kujali pasipoti. Mgawanyo huu bado unafundishwa vyuoni na una faida yake. Shida ni kwamba ukiingia kwenye ofisi yoyote ya Kampala utayakuta yote matatu chini ya paa moja, wakati mwingine kwenye dawati moja.

Chukua wafanyakazi wa simu. Mtu aliyeajiriwa Celtel, iliyoanza Uganda mwaka 1995, angeweza kukaa kwenye kiti kilekile akaona waajiri wa aina tatu. Wakuwaiti waliinunua Celtel mwaka 2005, jina likageuka Zain mwaka 2008, kisha Bharti ya India ikaja na jina la Airtel mwaka 2010. Kiwanda cha bia cha Nile kule Njeru, ng'ambo ya mto kutoka Jinja, kilikuwa cha kampuni ya bia ya SABMiller hadi kampuni nyingine ya bia, AB InBev, ilipoimeza SABMiller nzima mwaka 2016. AB InBev inajulikana duniani kwa nidhamu ya kuanza bajeti ya kila mwaka kutoka sifuri: kila shilingi uitetee upya, hata ile uliyopewa mwaka jana. Mto haukuhama, ila hesabu za ofisi zilipata msomaji mpya.

Hapo kwenye msomaji ndipo ninapotaka kusimama. Kwa uzoefu wangu, ukitaka kujua utaratibu fulani wa tawi utafanana na wa makao makuu kiasi gani, uliza ripoti yake inasomwa na nani. Madaraja ya mishahara, idadi ya wafanyakazi, alama za tathmini: haya yanasomwa juu kila robo mwaka, kwa hiyo yanatoka juu. Namna ya kumwachisha mtu kazi husomwa na afisa kazi wa wilaya na Mahakama ya Viwanda, inayoamua migogoro ya kazi, kwa hiyo, ukiwa na akili, utaifuata sheria ya Uganda. Na namna ya kuomba ruhusa, kusalimia, kukosoa na kunyamaza husomwa na wafanyakazi wenyewe, na hao hawana ripoti wanayoituma popote.

Sheria kwanza, maana ndiyo inayowashtua wageni. Sehemu kubwa ya Marekani mwajiri anaweza kumwambia mtu leo ni mwisho, akachukua boksi lake akaondoka, bila sababu. Meneja aliyekulia huko akifika Kampala huleta mazoea hayo kwenye mkoba. Uganda, kabla ya kumfukuza mtu kwa utovu wa nidhamu au utendaji mbovu, lazima umweleze sababu kwa lugha anayoielewa, umpe muda wa kujiandaa, umsikilize, na umruhusu aje na mtu wa kumsindikiza. Ukiruka hatua hiyo unaweza kulipishwa mshahara wa wiki nne hata kama kosa alilifanya kweli. Notisi hukua na miaka: mwezi mmoja kwa aliyetimiza mwaka, miwili kwa aliyetimiza mitano, mitatu kwa aliyetimiza kumi. Ukitaka kuwapunguza watu kumi au zaidi ndani ya miezi mitatu, lazima umwandikie Kamishna wa Kazi. Kipindi cha majaribio kisizidi miezi sita, na kukiongeza kunahitaji ridhaa ya mfanyakazi.

Niliwahi kupokea agizo la Alhamisi jioni kwamba mtu fulani asionekane Jumatatu. Nikajibu kwamba nahitaji kikao. Jibu likaja: kikao cha nini, uamuzi umeshatolewa? Huwezi kumlaumu sana aliyeandika. Kwao uamuzi ndio mwisho wa mambo, na kwa sheria yetu kikao kinatakiwa kitangulie uamuzi.

Mfano mzuri kuliko wote wa kugongana kwa sheria uko kwenye bomba la mafuta ghafi linalotoka Kabaale, Hoima, hadi Chongoleani karibu na Tanga. Lina urefu wa kilomita 1,443, ambazo 296 tu ziko Uganda. TotalEnergies ya Ufaransa ina asilimia 62 ya kampuni ya bomba hilo, mashirika ya mafuta ya Uganda na Tanzania yana 15 kila moja, na CNOOC ya China ina 8. Wenye hisa ni walewale na bomba ni lilelile. Lakini mchomelea vyuma wa upande wa Uganda ana ukomo wa kawaida wa saa 48 kwa wiki, na mwenzake wa upande wa Tanzania saa 45. Mama anayejifungua Uganda ana siku 60 za kazi, na wa Tanzania ana siku 84 za kalenda. Wahesabuji wa mishahara wenye subira watakuambia kwamba siku 60 za kazi na 84 za kalenda haziko mbali kama zinavyoonekana, na kwamba ugomvi huanza pale mtu aliyeko Paris anapozisoma zote mbili kama "siku". Likizo ya baba, kwa upande wetu, ni siku nne za kazi. Makampuni kadhaa ya kigeni hutoa zaidi kwa sababu sera zao za dunia zinataka hivyo, na hapo naona hakuna wa kulalamika.

Kwenye mshahara sheria karibu haisemi kitu. Kima cha chini kilichopo kimeandikwa mwaka 1984: shilingi 6,000 kwa mwezi. Hiyo leo ni bei ya rolex mbili tatu, nasema chapati iliyokunjwa na mayai, si saa ya Uswisi. Bunge lilipitisha muswada wa kima kipya mwaka 2019 na Rais hakuutia saini. Kwa hiyo kampuni ya kigeni haiulizi sheria inasema nini, inauliza wenzake wanalipa nini. Hununua ripoti za utafiti wa mishahara, inajiweka katikati au juu kidogo, kisha hesabu hiyo inapelekwa juu kuidhinishwa. Baada ya hapo sheria ndiyo inarudi kwa kishindo: kodi ya asilimia 30 kwa kinachozidi shilingi 410,000 kwa mwezi, asilimia 10 ya ziada kwa kinachozidi milioni kumi, na akiba ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, ambapo mfanyakazi hukatwa asilimia 5 na mwajiri huongeza 10.

Kinachochoma zaidi ni mishahara miwili ndani ya jengo moja. Mtaalamu aliyetumwa kutoka nje hulipwa kwa hesabu ya kwao: asipate hasara kwa kuhamishwa. Kwa hiyo huongezewa nyumba, karo ya shule ya kimataifa, tiketi za ndege na posho ya mazingira magumu. Mantiki yake inaeleweka ukiitazama kutoka makao makuu. Ukiitazama kutoka dawati la jirani, la mhandisi wa Makerere anayemfundisha mgeni huyo mfumo wa umeme wa Kampala ulivyo, unaona posho ya mazingira magumu inatolewa kwa kuishi mahali ambapo wewe unapaita nyumbani. Sijaona kampuni iliyofanikiwa kulieleza hili. Nyingi huzuia tu watu wasiulizane mishahara.

Halafu kuna idadi ya watu. Makao makuu yanasema tawi la Uganda lisizidi, tuseme, watu 140. Kazi zinahitaji 220. Themanini waliobaki huajiriwa kupitia wakala. Wanavaa sare ileile, wanakaa kaunta ileile, lakini kwenye ripoti hawamo: ni gharama ya huduma, kama usafi na intaneti. Kanuni za ajira za 2011 zinakataza kumweka mtu kama kibarua zaidi ya miezi minne, ila mtu wa wakala si kibarua wala si wako. Ukiwauliza hawa juu ya maadili ya kampuni yaliyobandikwa ukutani watakutajia yote kwa mpangilio. Wameyafundishwa kuliko hata walioajiriwa moja kwa moja.

Sasa niseme juu ya tathmini, na hii ndiyo hadithi ninayoijua kwa karibu kuliko ninavyopenda.

General Electric ya Marekani, enzi za mkuu wake Jack Welch, iliwapanga watu kila mwaka: asilimia 20 wa juu, 70 wa kati, 10 wa chini, na wale wa chini walitakiwa kuondoka. Mtindo huo ulienea duniani. Microsoft iliuacha mwaka 2013, lakini kampuni niliyokuwamo iliendelea nao. Idara moja ya kwetu ilikuwa na watu kumi. Mmoja lazima apewe alama ya chini kabisa, hata kama wote wamevuka malengo. Meneja wao, mzee mmoja mtulivu kutoka Tororo, aliona ni dhuluma kumchafua mtu asiye na kosa. Akawaita akawaambia ukweli. Wakakubaliana alama ile mbaya izunguke: mwaka huu wako, mwakani wangu. Tathmini ikageuka upatu. Aliyepokea alama ya chini wenzake walimchangia kidogo kufidia bonasi aliyoikosa.

Kwa miaka minne takwimu za idara ile zilikuwa safi kuliko zote, zimepangika kama makao makuu yalivyotaka. Mwaka wa tano ikaja amri ya kupunguza gharama: kila tawi liwaondoe waliopata alama ya chini katika tathmini ya mwisho. Mwaka ule zamu ilikuwa ya dada mmoja wa hesabu za wateja, ambaye miaka mitatu mfululizo kabla ya hapo alikuwa miongoni mwa bora.

Tuliitisha kikao, kama sheria inavyotaka. Akaja na mwenzake wa kumsindikiza, na faili lake la tathmini. Tulimwambia utendaji wake ni mbovu. Akafungua faili akasoma kwa sauti tulichokuwa tumeandika sisi wenyewe miaka iliyotangulia. Hakutaja upatu. Hakuna aliyeutaja, wala yule mzee aliyekaa kimya mwisho wa meza akiangalia mikono yake. Kampuni ilimlipa nje ya mahakama, akaondoka, na kwenye ripoti ya robo ile tawi letu likapongezwa kwa kutimiza lengo.

Washauri wa menejimenti wakiletewa kisa kama hiki husema ni utamaduni. Hutoa chati ya mtafiti Geert Hofstede, aliyepima tofauti za tamaduni kwa kutumia dodoso walizojaza wafanyakazi wa IBM kati ya 1967 na 1973. Huonyesha kwamba Afrika Mashariki ina alama 64 za kukubali umbali kati ya mkubwa na mdogo, na 27 tu za mtu kujitegemea kuliko kufuata kundi lake. Nimeoneshwa chati hiyo mara tatu, na mara zote aliyeionesha aliiita Uganda. Alama zile za Afrika Mashariki zilitokana na Ethiopia, Kenya, Tanzania na Zambia. Uganda haimo. Hata ingekuwamo, waliojibu walikuwa watu wa IBM wa zaidi ya nusu karne iliyopita.

Sisemi utamaduni haupo. Bosi wetu mmoja alitusihi tumwite kwa jina lake la kwanza, tukamwita "Bosi" ikifuatwa na jina hilo, na akachoka mwenyewe. Lakini mara nyingi kinachoitwa utamaduni ni mkataba. Mtu ananyamaza kikaoni, mgeni anaandika kwamba Waganda hawapendi kubishana na wakubwa. Ukimfuata nje kwenye chai utasikia mkataba wake wa mwaka mmoja unaisha Desemba na anayeuhuisha ni yule aliyeuliza "kuna mwenye maoni?" Mpe mkataba wa kudumu, kisha urudi kupima kimya chake.

Ndivyo ilivyokuwa pia kwa simu ya siri ya kuripoti maovu. Sheria ya 2006 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi zaidi ya 25 aweke hatua za kuzuia unyanyasaji wa kijinsia, na makao makuu yetu yaliona simu hiyo inatosha. Ilipokelewa Ulaya, kwa Kiingereza. Madereva wetu wa mpakani Malaba, watu wa Kiswahili asubuhi hadi usiku, hawakuipiga hata mara moja, na kimya hicho kiliingia kwenye ripoti kama dalili ya afya njema. Kiswahili kimetajwa katika Katiba kama lugha rasmi ya pili tangu marekebisho ya 2005, na baraza la mawaziri lilikipitisha tena kwa nguvu mwaka 2022. Kwenye mikataba na simu za siri bado hakijafika.

Upo mkono mwingine ambao vitabu vya menejimenti huupitia haraka, nao ni dola yenyewe. Uganda ina kumbukumbu ndefu juu ya nani anamiliki kampuni na nani anaajiriwa. Mei 1970 Rais Obote alitangaza pale Nakivubo, Kampala, kwamba serikali inachukua asilimia 60 ya makampuni zaidi ya themanini. Mwaka 1972 Amin akawafukuza Waasia, na waliogawiwa maduka yao wakapewa jina la Kiswahili ambalo wazee bado wanalitamka kwa kicheko: mafuta mingi. Mtu akiuliza kwa nini kibali cha kazi cha mgeni ni suala la siasa, hiyo ni sehemu ya jibu.

Mwanzoni mwa 2019 maafisa kadhaa wa kigeni wa MTN Uganda walirudishwa makwao, na Februari akafuata mkurugenzi mkuu mwenyewe, Wim Vanhelleputte. Serikali ilitaja usalama wa taifa. Baadaye mwaka huohuo akarudi kazini. Mrithi wake ni Mkenya, Sylvia Mulinge, aliyeanza 2022. Huyu ndiye ambaye mwaka 2018 aliteuliwa kuongoza Vodacom Tanzania, akanyimwa kibali cha kazi Dar es Salaam. Kampuni inaweza kuwa na mpango mzuri wa kurithishana madaraka Afrika nzima, na mpango wote ukakwama kwenye dirisha moja la uhamiaji.

Kwenye mafuta, sheria imeliandika jambo hili wazi zaidi: wenye leseni wanatakiwa kuajiri na kufundisha Waganda, na kuonyesha jinsi nafasi za wageni zitakavyopokelewa na wenyeji. Ni hatua njema. Ila usihesabu vichwa tu, angalia viti. Nimeona matawi ambako mkurugenzi mkuu ni Mganda, mkuu wa rasilimali watu Mganda, wa masoko Mganda, na mkuu wa fedha katumwa kutoka nje, miaka nenda miaka rudi. Huyo wa fedha ndiye anayeandika ile ripoti inayosomwa.

Mengine nitayataja kwa kupita. Sheria ya faragha ya data ya 2019 inaweka masharti ya kupeleka taarifa za mtu nje ya nchi, wakati mafaili ya wafanyakazi wa karibu kila kampuni tanzu yako kwenye kompyuta za nje. Na sheria dhidi ya ushoga iliyosainiwa Mei 2023, ambayo inaharamisha hata kuhamasisha, imeziweka kampuni zenye sera za dunia za kutobagua mahali ambapo ukurasa mmoja wa kitabu cha mfanyakazi unaweza kuwa wajibu makao makuu na kosa la jinai Kampala. Nyingi zimechagua kutouchapisha ukurasa huo hapa.

Nilimjibu yule mkaguzi. Niliandika aya moja ndefu juu ya ssenga ni nani, baba mdogo ni nani, na kwa nini mjomba aliyekulipia ada hawezi kuzikwa wewe ukiwa ofisini. Sikutegemea kitu. Baada ya miezi mitatu fomu ikaongezewa jibu la sita: "Mwingine, eleza", na kisanduku cheupe chini yake. Nilipouliza nikaambiwa wa kwanza kukijaza hakuwa wa Kampala. Alikuwa mfanyakazi wa tawi la Ureno, aliyefiwa na mama yake wa ubatizo.